Kikombe chenye sura ya mungu

Mkusanyaji mzoefu akipewa kikombe cha tiki haanzi na sura. Anakipindua. Habari ziko kitakoni: herufi OMC, neno Japan, au jina la mkahawa uliokwisha kubomolewa. Akiridhika na kitako ndipo anakigeuza amtazame aliyechorwa ubavuni: macho yaliyotumbuka, meno yaliyokenuliwa, paji lililokunjamana, mikono imeshika tumbo. Ni kikombe cha baa, cha kutilia ramu na maji ya ndimu. Kiliuzwa kwa bei ya kumbukumbu ya matembezi, na leo kuna watu wanaojenga makabati mazima kwa ajili ya ndugu zake.

Historia yake ilianzia California, mbali na visiwa vya Pasifiki inavyovisingizia. Desemba 1933 Marekani iliondoa marufuku ya pombe iliyokuwapo tangu 1920. Wakati huohuo Ernest Gantt, kijana aliyekuwa amezunguka visiwa vya Karibi na Pasifiki, alifungua baa ndogo Hollywood, akaipamba kwa mianzi na nyavu za wavuvi. Ramu ilikuwa rahisi, naye akathubutu kuchanganya ramu za aina mbili tatu katika bilauri moja, pamoja na ndimu na viungo. Kinywaji chake kiitwacho Zombie kilikuwa kikali hata mteja mmoja hakuruhusiwa zaidi ya viwili. Baa ilijulikana kama Don the Beachcomber, na mwenyewe hatimaye akajiita Donn Beach.

Siri zake alizilinda sana. Chupa za michanganyiko zilibandikwa namba badala ya majina, ili wafanyakazi wasiondoke na kanuni zake. Na wafanyakazi hao, wale waliopima, waliotikisa na kumimina, wengi walikuwa Wafilipino. Simulizi nyingi za baa hizi za tiki huwapita haraka, nami naona si haki. Mmoja wao, Ray Buhen, aliyekuwa na Donn Beach tangu siku za mwanzo, alifungua baa yake mwenyewe, Tiki-Ti, Los Angeles mwaka 1961. Ni kibaa chembamba, viti vyake vya kuhesabika, na familia yake imeendelea kukiendesha.

Mshindani wa Donn Beach alikuwa Victor Bergeron wa Oakland, mtu aliyepoteza mguu utotoni kwa maradhi na kupenda kuwaambia wateja kwamba uliliwa na papa. Mkahawa wake wa mwaka 1934 ulikuwa wa kawaida tu, mpaka alipokwenda kuona yanayofanyika Hollywood. Akarudi akaubadilisha wote, akauita Trader Vic's. Jina hilo baadaye lilienea kupitia hoteli kubwa duniani, likafika London, na hata Dubai na Abu Dhabi. Bergeron alielewa kwamba chombo ni nusu ya kinywaji. Aliwapa wateja vikombe vya umbo la fuvu, na mabakuli mapana ambayo watu wanne huyazunguka kila mmoja na mrija wake mrefu.

Vita Kuu ya Pili iliwapeleka vijana wengi wa Kimarekani Pasifiki. Waliosalimika walirudi na hadithi, na waliobaki nyumbani wakazitamani. Mwaka 1947 mwandishi James Michener alitoa kitabu chake cha hadithi za Pasifiki ya Kusini. Mwaka huohuo msafiri Thor Heyerdahl na wenzake walielea siku 101 kutoka Peru kuvuka Pasifiki juu ya chelezo walichokiita Kon-Tiki. Hawaii ikawa jimbo la Marekani mwaka 1959, ndege za jeti zikaifupisha safari ya kwenda huko. Asiyekuwa na nauli alikwenda mkahawani.

Hapo ndipo kikombe chenye sura kilipozaliwa. Wakusanyaji wengi humtaja Tiki Bob kuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa: kikombe kinene chenye macho ya mviringo, kilichotengenezwa kwa ajili ya baa ya San Francisco iliyofunguliwa katikati ya miaka ya 1950 na mtu aliyewahi kufanya kazi kwa Bergeron. Muda si mrefu kila mkahawa ulitaka wake, na oda zikavuka bahari hadi viwanda vya kauri vya Japani, ambavyo baada ya vita vilifanya kazi nzuri kwa bei ndogo. OMC ni kifupi cha Otagiri, kampuni iliyoleta maelfu ya vikombe hivyo Marekani.

Utengenezaji wenyewe unastahili kuangaliwa kwa karibu. Udongo hukorogwa hadi uwe uji, ukamiminwa ndani ya kalibu ya plasta. Plasta hunyonya maji, na udongo uliogusana nayo hukauka na kuwa ganda. Mfinyanzi akiona ganda limetosha unene, humwaga uji uliobaki, akaifungua kalibu, akasawazisha kwa mkono mshono ulioachwa na vipande viwili vya kalibu. Kisha tanuri, rangi ya kung'aa, na tanuri tena. Kalibu nayo huzeeka. Kila ikitumiwa plasta hulika kidogo, hivyo kikombe cha mwanzo kina meno makali na mikunjo iliyokatika vizuri, na cha mwisho kina uso uliofifia kama sarafu iliyopita mikononi mwa wengi. Ndiyo sababu vikombe viwili vya aina moja havilingani bei.

Wateja waliviiba kwa wingi. Baadhi ya mikahawa ikaona heri iviuze kabisa pamoja na kinywaji.

Miaka ya 1970 vijana waliviona kuwa mambo ya baba zao. Mikahawa ikafungwa, vikombe vikatupwa kwenye maduka ya vitu vilivyotumika. Kahiki ya Columbus, Ohio, jumba kubwa lililofunguliwa mwaka 1961, ilibomolewa mwaka 2000. Lakini mwaka huohuo Sven Kirsten, Mjerumani aliyehamia California, alichapisha kitabu kikubwa cha picha juu ya utamaduni huu, na kampuni ya Tiki Farm ikaanza kutengeneza vikombe vipya. Vya kisasa huagizwa kwa idadi maalumu na kuwa na majina ya wasanii wake.

Sasa turudi kwenye sura. Kwa Wamaori, Tiki ni mtu wa kwanza. Katika visiwa vya Marquesas, tiki ni sanamu zenye heshima ya mababu na miungu. Vikombe vimechanganya yote hayo, pamoja na moai, sanamu za mawe za kisiwa cha Rapa Nui, kana kwamba bahari nzima ni kijiji kimoja. Msomaji wa Kilifi, Kenya, hahitaji maelezo marefu kuelewa kwa nini hilo huuma. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za kuchongwa zilizosimikwa kwa heshima ya wazee waliofariki, vingi viliibwa na kuishia katika nyumba na makumbusho ya Marekani; mwaka 2014 makumbusho moja ya Denver ilitangaza kuvirudisha 30.

Meno yale ya kwenye kikombe, katika vikombe vingi, ni ya Ku, mungu wa vita wa Hawaii. Mwaka 1819 watawala wa Hawaii walivunja miiko ya dini ya kale, mahekalu yakabomolewa na masanamu yakachomwa moto. Sanamu kubwa za Ku za aina ile zilizosalia duniani ni tatu. Mwaka 2010 zilikutanishwa Honolulu, katika makumbusho ya Bishop, kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka 200. Miezi michache baadaye mbili zikafungashwa, moja ikarudi London, nyingine Salem, Massachusetts. Ya Honolulu ikabaki peke yake.