Vyuo Vilivyoanza na Mafundi

Mwaka 1922, juu ya kilima cha Makerere, wanafunzi 14 wa kutwa walianza kujifunza useremala, ujenzi na umakanika. Leo likitajwa jina la Makerere watu huwaza madaktari, wanasheria, waandishi na wakuu wa nchi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba walioipasha moto nyumba ile walikuwa mafundi. Hawakukaa sana. Masomo ya udaktari, ualimu na mengineyo yaliongezwa haraka, na kufikia mwaka 1928 ufundi ulitengwa na kuwa shule ndogo ya pembeni. Chuo chenyewe kikapanda, na mwaka 1949 kikawa chuo kikuu kishiriki cha London. Shule ya ufundi ilihamishiwa kilima cha Kyambogo mwaka 1958. Huko nako ikakua, ikawa politekniki, na mwaka 2003 ikaunganishwa na vyuo vingine viwili kuunda Chuo Kikuu cha Kyambogo. Fundi aliondolewa kilima cha kwanza akapelekwa cha pili, na chuo kikuu kikamfuata hukohuko.

Naanza na Makerere kwa sababu kisa chake kimejirudia Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Mbeya. Mimi naona ndicho kiini cha historia nzima ya kuwafundisha mafundi wa mitambo na umeme katika Afrika Mashariki. Tumejenga vyuo kwa ajili yao mara nyingi, na karibu kila mara chuo kilipopata heshima, wao walikuwa wa kwanza kutolewa.

Nimsemaye hapa ni yule anayesimama katikati ya chuma na umeme. Pampu ikinguruma bila kuzunguka, ndiye huisikiliza, akaipima, akaifungua, akajua kama beringi imekufa au waya za ndani zimeungua. Akiona ni waya, huzitoa zote na kuisuka mota upya, mzunguko kwa mzunguko. Mtu wa umeme peke yake hawezi kazi hiyo, wala mtu wa chuma peke yake. Ndiyo maana mafunzo yake yamekuwa magumu kuyaweka darasani.

Karakana za kwanza za aina hii zililetwa na reli. Wajerumani walianza kujenga njia yao Tanga mwaka 1893, na Waingereza wakaanza ya Mombasa mwaka 1896. Kwa hiyo ya Mombasa, iliyoitwa Reli ya Uganda, waliletwa vibarua na mafundi zaidi ya 31,000 kutoka India, na Nairobi, ambayo reli iliifikia mwaka 1899, ilikua kwa kuzunguka karakana na stesheni. Ndani ya karakana hizo kazi iligawanywa kwa rangi. Mzungu alikuwa msimamizi, Mhindi alikuwa fundi, na Mwafrika alikuwa mbeba spana na mfuta grisi. Lakini aliyebeba spana alikuwa na macho. Vijana wengi waliujua ufundi kwa kumtazama fundi akilisogeza jiliwa, akipiga tupa na kugonga ripiti, mpaka siku fundi alipougua na injini ikahitaji mtu. Hakuna cheti kilichoandika elimu hiyo, ingawa ndiyo iliyoendesha treni.

Serikali za kikoloni zilikuwa na shule za ufundi pia. Tanga, shule ya serikali iliyofunguliwa mwaka 1892 ilikuwa na mafunzo ya kazi za mikono. Kabete, nje ya Nairobi, kilianzishwa kituo cha kuwafundisha Waafrika ufundi katika miaka ya 1920. Walichofundishwa kwa sehemu kubwa kilikuwa useremala, uashi na uhunzi. Mitambo ya umeme ilibaki mikononi mwa wachache, na kwa kuwa umeme wenyewe ulikuwa wa mijini na mashambani kwa walowezi, hakuna aliyeona haraka.

Mambo yalibadilika karibu na Vita Kuu ya Pili. Tanganyika ilitunga Sheria ya Uanagenzi mwaka 1940, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mafunzo ya ufundi viwandani kupewa msingi wa kisheria. Baada ya vita zikaja shule zenyewe. Ifunda, katika nyanda za Iringa, palipokuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa vita, pakageuzwa shule ya ufundi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Moshi ikafuata mwaka 1957. Mwaka huohuo Dar es Salaam ilipata taasisi ya ufundi, mama wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ya leo.

Pwani ilikuwa na chuo chake, nacho kinastahili kukumbukwa kuliko kinavyokumbukwa. Gavana wa Kenya, Philip Mitchell, aliona vijana Waislamu wa Afrika Mashariki wakiachwa nyuma katika elimu ya ufundi. Michango ya kuwajengea chuo ikatoka kwa Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Harub, kwa Aga Khan, na kwa jamaa ya Mabohora, pamoja na fedha za serikali ya Uingereza. Majengo yakainuliwa Tudor, Mombasa, yakiwa na kuba na matao. Mafunzo yalianza mwaka 1951. Walifundishwa mitambo, umeme na ubaharia, wanafunzi wakitoka Lamu, Unguja, Tanga na bara. Kwa mji ulioishi kwa bandari, na ambao meli zake zilikuwa zimeacha tanga zikachukua injini, elimu hiyo ilikuwa mahali pake hasa: mwanafunzi alitoka darasani na kuikuta kreni na winchi bandarini Kilindini. Mwaka 1966 chuo kilifunguliwa kwa watu wa dini zote kwa jina la Mombasa Technical Institute, mwaka 1972 kikawa politekniki, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu cha ufundi.

Uhuru ulileta viwanda, na viwanda viliwalea mafundi kuliko shule yoyote. Kiwanda cha nguo, cha sukari au cha saruji kilikuwa na karakana yake, fundi mkuu wake, na wanagenzi wake. Kijana aliingia akiwa msaidizi, akakaa miaka, kisha akaenda kufanya jaribio la ufundi: Daraja la Tatu kwanza, halafu la Pili, na mwenye bidii akafika la Kwanza. Nausifu utaratibu huo bila kusita. Haukumuuliza mtu alifika darasa la ngapi. Ulimpa kazi, vifaa na muda, ukampima kwa kilichotoka mikononi mwake. Nchini Tanzania, Sheria ya Mafunzo ya Ufundi ya mwaka 1974 iliyapa mambo hayo idara maalumu chini ya Wizara ya Kazi, na kituo cha Chang'ombe, Dar es Salaam, kikawa jina linalojulikana kwa kila aliyetaka kuwa fundi umeme.

Kenya nayo ilikuwa ikitafuta njia kwa vijana waliokosa nafasi za sekondari. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza wafanye nini baada ya shule, na kutokana nayo zikazaliwa politekniki za vijijini. Zilifanya kazi njema, ila nyingi zilikuwa mahali pasipo na umeme, kwa hiyo zilibaki na mbao, matofali na cherehani.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Reli ile ya kilomita 1,860 ilijengwa na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, nao walijua kwamba wakiondoka lazima pabaki watu. Vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli. Chuo kikawekwa Mpika, upande wa Zambia, na karakana kubwa za injini zikajengwa Mpika na Dar es Salaam. Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, karakana iliyohudumia ujenzi iliachwa ikawa kiwanda cha kutengeneza zana na vipuri. Maelfu ya vibarua walijifunza kazini, wakielekezwa kwa mkono na mfano, maana lugha ilikuwa haba.

Kisha njia ikazishinda injini zenyewe. Vichwa vya treni vya kwanza vilikuwa vya dizeli vinavyosukuma magurudumu kwa nguvu ya mafuta yanayozungushwa ndani ya gia. Mpando wa kutoka Mlimba kwenda Makambako ulivichosha. Katika miaka ya 1980 vikaja vichwa vya aina nyingine kutoka Ujerumani Magharibi, ambavyo injini ya dizeli huzungusha jenereta, umeme wake ukapita kwenye nyaya nene hadi kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli. Kwa abiria haikuwa tofauti kubwa. Kwa fundi ilikuwa kazi mpya kabisa. Aliyezoea kutafuta uvujaji wa mafuta sasa alitakiwa kupima kama waya umepoteza ukinzani kwa unyevu, kubadilisha brashi za kaboni kabla hazijakwisha, kufuta vumbi mahali ambapo cheche moja ingeunguza mota nzima. Mtu mwenye miaka 10 kazini alirudi kuwa mwanafunzi. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba fundi wa mitambo na umeme hafundishwi mara moja. Kila mtambo mpya unadai somo lake, na nani atalipia somo hilo ni swali ambalo mikataba mingi ya ununuzi hulipitia juujuu mpaka leo.

Kabla ya hapo, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika. Watu huzungumzia ndege na mabehewa yaliyogawanywa, lakini mafunzo nayo yaligawanywa. Chuo cha reli cha Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1956 kwa ajili ya nchi zote, kilibaki Kenya. Tanzania ikaegemea chuo cha Tabora. Fundi wa Dodoma na fundi wa Nakuru waliokuwa wakisoma kitabu kimoja na kupimwa kwa kipimo kimoja wakawa wageni.

Pigo la pili lilikuja katika miaka ya 1990, na kwa maoni yangu ndilo kubwa zaidi. Viwanda vya umma vilibinafsishwa au kufungwa, na kila kiwanda kilichofunga milango kilifunga pia karakana na uanagenzi wake. Tanzania, sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, na kuwatoza waajiri fedha za kugharimia mafunzo, hatua iliyofikiriwa vizuri. Lakini ilikuja wakati waajiri wenye mashine za kujifunzia walikuwa wakipungua. Chuo kilibaki na mota moja ya mfano, imefunguliwa na kufungwa na wanafunzi mpaka skrubu zake zimelika.

Na ndipo vyuo vikaanza kupanda tena. Chuo cha Ufundi Dar es Salaam kikawa taasisi ya teknolojia mwaka 1997, na baadaye kikatoa digrii. Chuo cha ufundi cha Mbeya, kilichoanza mwaka 1986, kikawa chuo kikuu mwaka 2012. Politekniki ya Kenya iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1961 na ile ya Mombasa zikawa vyuo vikuu vya ufundi mwaka 2013, mwaka uleule Kenya ilipotunga sheria mpya ya kuendeleza elimu ya ufundi stadi. Sina ugomvi na wahandisi. Tunawahitaji. Lakini mhandisi mmoja huhitaji mafundi kadhaa nyuma yake, na kila benchi la karakana lililogeuzwa ukumbi wa mihadhara limepunguza idadi yao.

Kazi haikusimama, ilihamia mtaani. Ukitaka mota isukwe leo Dar es Salaam, utaelekezwa Gerezani kabla ya kuelekezwa chuoni. Nairobi utaelekezwa Gikomba au kwa fundi mwingine wa jua kali. Huko spanaboi anajifunza kama mbeba spana wa karakana za reli alivyojifunza, kwa macho na masikio, bila glavu wala kipimo cha uhakika. VETA imeanza kuwapima watu hawa walipo na kuwapa vyeti kwa ujuzi walioupata kazini, na pia imejaribu uanagenzi wa pande mbili, ambao kijana hugawa muda wake kati ya chuo na mwajiri. Njia zote mbili ni kurudi kwa busara ya jaribio la ufundi la zamani, na zinastahili kupanuliwa haraka.

Jaribio linalonipa matumaini zaidi liko Kikuletwa, mkoani Kilimanjaro. Mtambo wa umeme wa maji wa miaka ya 1930 uliokuwa umeachwa ulikabidhiwa Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, ili uwe mahali pa kufundishia. Mwanafunzi anasimama kwenye maji halisi na turbaini halisi.

Mafundi hao watahitajika. Bwawa la umeme la Julius Nyerere, Tanzania, lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, kisha zikafika Dodoma. Nchi iliyonunua mitambo hiyo inapaswa kuweka ndani ya kila mkataba wa mtambo mpya karakana ya mafunzo na idadi ya wanagenzi, kama ilivyofanyika TAZARA, na kuzuia kisheria chuo cha ufundi kufuta kozi za mafundi kinapopandishwa hadhi.

Ninalo ombi pia kwa msomaji. Kama nyumbani kwenu kuna cheti cha jaribio la ufundi, daftari la karakana, au picha ya darasa la Ifunda, Moshi, Tudor, Chang'ombe, Tabora au Mpika, msikitupe wala kukiacha kifungiwe karanga. Kipelekeni Nyaraka za Taifa au maktaba ya chuo kilicho karibu, na mwenye nacho arekodiwe akieleza alivyofundishwa. Walioingia Ifunda na Tudor wakiwa vijana wa kwanza sasa wanakaribia au wamepita miaka 90.