Gemu Inayofundisha kwa Kimya: Historia ya Mario Ikitazamwa Kutoka Arusha

Tarehe 13 Septemba 1985, siku ambayo kampuni ya Nintendo ya mjini Kyoto, Japani, ilianza kuuza Super Mario Bros., Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, na uingizaji wa kompyuta nchini ulikuwa umepigwa marufuku tangu mwaka 1974. Kabla miezi miwili haijatimia, tarehe 5 Novemba, Ali Hassan Mwinyi aliapishwa kuwa Rais, na katika kipindi chake masharti ya biashara ya nje yakalegezwa hatua kwa hatua, hata wananchi wakampa jina la Mzee Ruksa. Vituo vya kwanza vya televisheni vya Bara, ITV ikiwa miongoni mwavyo, vilianza kurusha matangazo mwaka 1994, gemu hiyo ikiwa tayari na umri wa miaka tisa na ikiwa imekwisha kuonekana kuukuu huko ilikozaliwa. Arusha, mji ambao jina lake linabebwa na Azimio la mwaka 1967, uliipokea dunia ya gemu kwa kuchelewa namna hiyo, na uliipokea bila kijitabu cha maelekezo. Kwamba upungufu huo haukumzuia mtoto yeyote kucheza ni jambo linalostahili kuelezwa, kwa sababu ndani yake mna siri ya mfululizo mzima wa Mario na pia kipimo cha haki cha kuipimia gemu yake ya karibuni.

Gemu ya majukwaa ni ile ambayo mchezaji humwongoza mhusika anayekimbia, kuruka na kutua juu ya vipande vya ardhi vilivyotengana, huku akikwepa mashimo na maadui. Aina hiyo ilipata umbo lake mwaka 1981 katika Donkey Kong, kazi ya Shigeru Miyamoto, ambamo fundi mfupi mwenye masharubu, ambaye wakati huo aliitwa Jumpman na baadaye Mario, alipanda vyuma vya jengo huku mapipa yakiviringika kumwelekea. Mwaka uliofuata Mmarekani David Crane alitoa Pitfall!, ambayo mhusika wake alikimbia porini na kuruka mashimo na mamba, lakini kila kioo kilisimama peke yake: mkimbiaji alipofika ukingoni, picha ilibadilika ghafla. Super Mario Bros. ilifanya ardhi yenyewe iteleze bila kukatika, na mchezaji akahisi kwamba anasafiri.

Safari hiyo huanza kwa somo ambalo halina neno hata moja. Mario husimama upande wa kushoto wa kioo akitazama kulia, ambako kuna nafasi tupu, na kwa hiyo hata asiyewahi kushika padi huelewa pa kuelekea. Punde hutokea adui mdogo wa rangi ya kahawia anayetembea polepole. Atakayemgusa hufa na kurudishwa mwanzo, hasara ya sekunde chache tu, na atakayeruka huenda akamkanyaga bila kukusudia na kugundua kwamba kukanyaga ndiyo silaha. Tofali lenye alama ya kuuliza hutoa uyoga ambao huteleza kwenda kulia, hugonga bomba na kumrudia mchezaji katika sehemu ambayo matofali yaliyo juu ya kichwa hufanya iwe vigumu kuukwepa, hivyo hata anayeuogopa hujikuta ameuchukua na amekuwa mkubwa. Mbele zaidi zipo ngazi mbili zinazotazamana na katikati yake ni ardhi imara. Hatua chache baadaye zinakuja nyingine za namna ile ile, safari hii zikiwa na shimo kati yake. Aliyeruka vibaya kwenye ngazi za kwanza hakupoteza kitu, na akifika penye shimo mkono wake umekwisha kuzoea. Yote haya yalibanwa katika kilobaiti 40 tu, kidogo kiasi kwamba wasanifu walichora wingu mara moja, wakalipaka rangi ya kijani na kulitumia tena kama kichaka.

Mwalimu wa aina hiyo hahitaji mkalimani. Mtoto anayejifunza bao mtaani, au enkeshui, ambalo ni bao la Wamasai, hakabidhiwi kitabu cha kanuni. Hutazama, hujaribu, hukosea, kisha hutazama tena. Gemu ya mwaka 1985 ilitumia njia hiyo hiyo, na ndiyo maana iliweza kuvuka mipaka ikiwa ndani ya mashine zilizonakiliwa, yaani vifaa vilivyotengenezwa barani Asia kwa kuiga saketi za mashine halisi ya Nintendo na kuuzwa kwa bei nafuu bila idhini yake. Mashine hizo, pamoja na kaseti zake zilizotangaza gemu 9999 ilhali ndani mlikuwa na chache zilizorudiwarudiwa, zilienea katika miji ya Afrika Mashariki, na Arusha, iliyo takriban kilomita 110 kutoka mpaka wa Namanga kwenye barabara ya Nairobi, haikuwa mbali na mkondo wa bidhaa hizo.

Gemu hiyo ina hatua 32 na haina namna ya kuhifadhi pale mchezaji alipofikia, kwa hiyo umeme ukikatika, kila kitu huanza upya. Kwa wakazi waliopitia mgao wa mwaka 2006 na ule wa mwaka 2011, hilo halikuwa jambo la nadharia. Katika hali kama hiyo mabomba ya siri yaliyofichwa mwishoni mwa hatua ya pili, ambayo humrusha mchezaji mbele hadi katika ulimwengu wa nne, huwa elimu yenye thamani kubwa, na elimu hiyo hupokezanwa kwa mdomo. Baadaye vibanda vya PlayStation vilipoenea mijini, mpira wa miguu uliteka padi karibu zote, na Mario akabaki kumbukumbu ya kizazi kimoja.

Nintendo yenyewe haikusimama. Super Mario Bros. 3 ya mwaka 1988 na Super Mario World ya mwaka 1990 zilipanua wazo la awali, na Super Mario 64 ya mwaka 1996 ikamwingiza Mario katika nafasi yenye kina. Gemu za kutazamwa kwa ubavu zilirejea mwaka 2006 chini ya jina New Super Mario Bros., lakini zile nne zilizotoka hadi mwaka 2012 zilifanana mno kwa sura na muziki, na mpenzi wa kweli wa mfululizo huu hana budi kukiri kwamba ziliburudisha pasipo kushangaza.

Super Mario Bros. Wonder, iliyotoka tarehe 20 Oktoba 2023 chini ya mwongozaji Shiro Mouri na mzalishaji Takashi Tezuka, ambaye alishiriki pia katika ile ya mwaka 1985, imeurudisha mshangao huo. Hatua nyingi huanza kwa utulivu na kufundisha jambo moja. Kisha mchezaji hugusa Ua la Ajabu, na kanuni zote hupinduka: mabomba hutambaa kama viwavi, mimea yenye meno huimba na kuandamana, kundi la mafahali hupita kwa kishindo likimbeba mchezaji mgongoni. Kipengele kilicho bora kuliko vyote, hasa machoni pa msomaji anayeishi chini ya Mlima Meru na anayewajua tembo wa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ni tunda linalomgeuza Mario kuwa tembo anayepiga kwa mkonga, anayebeba maji na kumwagilia maua yaliyonyauka. Hakuna maandishi yanayohitajika kueleza kazi ya mkonga.

Kasoro zipo. Mapambano dhidi ya Bowser Jr., mwana wa adui mkuu, hurudiwa kwa mabadiliko madogo mno, na maua yanayozungumza kando ya njia husema mengi katika gemu ambayo ardhi yake inajieleza vizuri bila msaada, ingawa sauti zao zinaweza kuzimwa. Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha zake. Bei yake ya dola 60 ilipotoka, yapata shilingi 150,000 kwa kiwango cha mwaka 2023, bila kuhesabu mashine, ilikuwa kizuizi kikubwa zaidi kuliko lugha.

Jambo la mwisho lililobuniwa kwa busara linahusu wachezaji wasiofahamiana. Kupitia intaneti, wengine walio katika hatua ile ile huonekana kama vivuli. Hawawezi kusukuma wala kuzuia, ila wanaweza kusimika sanamu bapa mahali pa hatari, na anayekufa hugeuka roho yenye sekunde tano za kuelea hadi kwenye sanamu au kwa mwenzake ili afufuke. Sanamu ikiwa imesimama hewani, mahali pasipo na kitu, mchezaji anayepita hapo hutambua kwamba kuna tofali lililofichwa, na kwamba aliyetangulia amemwonyesha.