Chura Aenda Ukweni

Katuni fupi ya rangi ya mwaka 1991, kwa Kifaransa *Le crapaud chez ses beaux-parents*, iliyoongozwa na Jean-Michel Kibushi, mzaliwa wa Sankuru nchini Kongo, magharibi ya Maniema. Chimbuko lake ni ngano ya Watetela, ambao lugha yao ni ndugu ya Kikusu kinachosemwa Maniema, kusini mwa mji wa Kindu. Chura anafunga safari kuwatembelea wakwe zake, na njiani wengine wanaandamana naye. Wahusika ni vipande vya karatasi vilivyokatwa: kimoja husogezwa kidogo, hupigwa picha, kisha husogezwa tena. Ni kazi ya subira kubwa. Hata hivyo, ngano yenyewe haikupunguzwa utamu wake. Kibushi ndiye mwanzilishi wa studio ya Malembe Maa, na ni miongoni mwa waasisi wa katuni za Kongo.