Kazi ya Msikilizaji: Mawasiliano kati ya Watu Wenye Usonji na Wasio na Usonji

Ikisiri

Kwa miongo mingi, mazungumzo yanapokwama kati ya mtu mwenye usonji na asiye na usonji, lawama imeelekezwa upande mmoja. Makala haya yanadai kwamba tatizo limo katika uhusiano wa pande zote mbili, na kwamba sehemu iliyopuuzwa zaidi ni kazi ya msikilizaji. Yanapima ushahidi uliopo, yanaonyesha mahali unapopwaya, kisha yanajadili maana yake kwa jamii zinazozungumza Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Usonji hutambuliwa kwa kumtazama mtu mmoja. Mtoto anaitwa, haitiki. Anaulizwa, analirudia swali. Anasemeshwa, hatazami usoni. Mtathmini huyaandika yote hayo. Asichokiandika ni namna alivyouliza yeye mwenyewe, alisubiri muda gani kabla ya kuuliza tena, na kama angelitambua jibu iwapo lingekuja kwa njia asiyoitarajia. Mazungumzo ni kazi ya watu wawili, lakini jalada hufunguliwa kwa jina la mmoja.

Hakuna anayebisha kwamba usonji huleta ugumu wa kweli. Wapo watu wenye usonji wasiosema kabisa, wapo wanaoumizwa na kelele za darasani, na wapo watakaohitaji msaada maisha yao yote. Kinachobishaniwa hapa ni kidogo zaidi: je, wawili wasipoelewana, tuna haki gani ya kuhitimisha kwamba mmoja tu ndiye hakuelewa?

2.0 Jinsi lawama ilivyoangukia upande mmoja

Mwaka 1943, daktari Leo Kanner wa Baltimore alichapisha maelezo ya watoto 11 ambao hali yao ndiyo iliyokuja kuitwa usonji. Aligundua kwamba baadhi yao walikubali jambo kwa kurudia swali lilelile waliloulizwa. Miaka mitatu baadaye, katika makala fupi isiyotajwa sana, alikwenda mbali zaidi. Alieleza habari za mtoto ambaye kila alipoona sufuria alitamka maneno mawili ya wimbo wa kitoto. Kwa mgeni, huo ulikuwa upuuzi. Mama yake ndiye aliyetoa ufunguo: mtoto alipokuwa na umri wa miaka miwili, mama alikuwa akimghania wimbo huo, sufuria ikamponyoka mkononi. Tangu siku hiyo wimbo na sufuria vikawa kitu kimoja. Kanner alihitimisha kwamba maneno ya namna hiyo hayakosi maana. Maana yake ni ya binafsi, na humfungukia anayejua kisa chake.

Hitimisho hilo linamgusa msikilizaji moja kwa moja. Tofauti kati ya upuuzi na kauli yenye maana haikuwa kinywani mwa mtoto. Ilikuwa katika yale ambayo mama aliyajua na daktari hakuyajua.

Utafiti uliofuata haukushika njia hiyo. Mwaka 1985, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith walichapisha jaribio lililokuja kuwa maarufu kuliko yote katika uwanja huu. Mtoto anaonyeshwa wanasesere wawili, Sally na Anne. Sally anaweka gololi kikapuni na kuondoka. Nyuma yake, Anne anaihamishia sandukuni. Sally akirudi, ataitafuta wapi? Kati ya watoto 20 wenye usonji, 16 walielekeza sandukuni, ilipo gololi, badala ya kikapuni, Sally anakodhani ipo. Wengi wa watoto wasio na usonji walijibu sawasawa, na vivyo hivyo wengi wa wale wenye sindromu ya Down. Watafiti walihitimisha kwamba watoto wenye usonji wana upungufu katika kile kiitwacho nadharia ya akili, yaani uwezo wa kutambua kwamba mwenzako ana mawazo yake.

Jaribio lilikuwa makini, lakini lilipima mwelekeo mmoja tu. Halikuuliza kama wale watoto wengine wangeweza kukisia mawazo ya mtoto mwenye usonji. Swali hilo halikuonekana kuwa swali.

3.0 Swali linageuzwa

Waliolizusha swali hilo ni watu wenye usonji wenyewe. Mwaka 1993, Jim Sinclair aliwaandikia wazazi akiwaeleza kwamba mtoto anayeonekana kutofikika hajajifungia. Mzazi anamwendea kwa ishara na mazoea ambayo mtoto hana, kisha anashangaa hajibiwi. Mwaka 2012, Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye naye ana usonji, aliipa hoja hiyo umbo la kinadharia. Aliiita tatizo la uelewa wa pande mbili: watu wawili wanaouhisi ulimwengu kwa namna tofauti sana hupata shida ya kuelewana, na shida hiyo ni ya wote wawili. Tofauti ni kwamba walio wengi huiona mara chache, kwa sababu dunia imepangwa kwa desturi zao.

Majaribio yakafuata. Mwaka 2016, Elizabeth Sheppard na wenzake walirekodi sura za watu wenye usonji na wasio na usonji wakati wakisimuliwa mzaha, wakisifiwa, wakisubirishwa au wakielezwa shida za mtu. Watazamaji wasio na usonji walitakiwa kukisia kilichotokea kwa kutazama sura tu. Walipata taabu zaidi kuzisoma sura za wenye usonji.

Mwaka uliofuata, Noah Sasson na wenzake walionyesha jambo zito zaidi. Watu walipomwona au kumsikia mtu mwenye usonji kwa sekunde chache tu, walimpa alama za chini na hawakuvutiwa kuzungumza naye. Lakini waliposoma maneno yaleyale yakiwa yameandikwa, bila sauti wala sura, tofauti hiyo ilitoweka. Kwa hiyo hukumu haikutokana na alichosema. Ilitokana na sauti, mkao na mwendo wa uso, na ilitolewa kabla mazungumzo hayajaanza. Utafiti wa 2019 wa Sasson na Kerrianne Morrison uliongeza kwamba hukumu hizo hulegea mtazamaji anapoarifiwa kuwa mtu huyo ana usonji, hasa kama anaufahamu usonji vizuri. Yaani msikilizaji hufundishika.

4.0 Mahali ushahidi unapopwaya

Hoja nzuri huweza kuharibiwa na wapenzi wake. Mwaka 2020, Catherine Crompton na wenzake walipitisha hadithi kutoka mtu hadi mtu katika minyororo ya watu wanane wanane. Minyororo ya wenye usonji watupu ilihifadhi habari sawa na ya wasio na usonji watupu. Ile iliyochanganya makundi mawili ilipoteza habari haraka zaidi. Matokeo hayo yalipokelewa kama uthibitisho kwamba wenye usonji huelewana wao kwa wao. Lakini washiriki walikuwa 72 tu. Mwaka 2025, Crompton na wenzake walichapisha jaribio kubwa zaidi lenye washiriki 311. Safari hii aina tatu za minyororo hazikutofautiana kwa kiwango cha maana katika kuhifadhi habari. Wakosoaji kama Lucy Livingston nao wameonya kwamba dhana ya Milton yenyewe imetumiwa kwa upana kiasi kwamba haieleweki ni matokeo gani yangeweza kuikanusha.

Kwa maoni yangu, matokeo ya 2025 hayaiangushi hoja ya Milton. Yanaihamisha mahali pake. Kama habari hupita vizuri hata katika minyororo ya mchanganyiko, basi mtu mwenye usonji anaweza kueleza na kuelewa. Kinachomponza ni ile hukumu ya sekunde chache aliyoionyesha Sasson. Kwa hiyo tusidai kwamba kuna makundi mawili yenye lugha mbili zisizofasirika. Tudai kwamba kundi moja hunyimwa nafasi ya kusikilizwa kabla halijasema.

Kuna upungufu mwingine mkubwa zaidi. Karibu majaribio yote hayo yalihusisha watu wazima wanaosema vizuri, wa Uingereza na Marekani. Afrika Mashariki, mtoto anayefikishwa kliniki kwa kawaida ni yule aliyechelewa kusema au asiyesema kabisa. Je, hoja inamfikia?

5.0 Wasiosema sana

Inamfikia, kwa njia ya Kanner. Kurudia maneno ya mwingine, yaani ekolalia, kulihesabiwa kwa muda mrefu kuwa kelele ya kuzimwa. Mwaka 1981, Barry Prizant na Judith Duchan walichunguza kauli hizo pamoja na mtazamo, ishara na mazingira ya mtoto, wakazitenga katika kazi saba, zikiwamo kushika zamu ya kusema, kukubali na kuomba. Mtoto anayemwendea mama na kusema "Unataka maji?" huenda anaomba maji, kwa kauli aliyoisikia kila alipopewa. Anayemsahihisha bila kumpa maji amelisikia kosa la sarufi, ombi likampita.

Hata hivyo, kusikiliza kunahitaji mipaka. Mapema miaka ya 1990, njia ya kumshika mkono asiyesema ili achape herufi ilienea Marekani, na wazazi wakafurahia kupokea barua ndefu. Majaribio yaliyomficha msaidizi swali aliloulizwa mhusika yalionyesha kwamba maneno yalikuwa ya msaidizi, bila yeye mwenyewe kujua. Msikilizaji anayejaza kila kimya kwa mawazo yake hajasikiliza. Kadi za picha ambazo mtoto anazichagua kwa mkono wake mwenyewe zina faida hiyo: ni rahisi kujua nani amesema.

6.0 Katika jamii za Kiswahili

Adabu ya mazungumzo kwetu ina masharti mengi yasiyotamkwa. Mtu akiulizwa habari za nyumbani hujibu "nzuri", na hata mwenye mgonjwa huanza na "nzuri" kabla ya kufikia "ila". Anayekula humkaribisha mpita njia, na mara nyingi jibu linalotarajiwa ni shukrani, si kuvuta kigoda. Pwani, maneno mazito hupitishwa kwa mafumbo na vijembe, na mlengwa hutarajiwa kujitambua. Kijana mwenye usonji anayeeleza kwa kirefu kwamba bomba la nyumbani limepasuka, au anayeketi na kunawa kweli, huambiwa hana adabu. Lakini amejibu alichoulizwa.

Kwa upande mwingine, vipimo vingi vilivyotungwa Ulaya na Marekani huhesabu kutazamana macho kuwa alama ya mawasiliano mazuri, ilhali mtoto anayeinamisha macho akisema "shikamoo" husifiwa. Tendo lilelile ni dalili kule na heshima huku. Basi kipimo cha mawasiliano ya kawaida si sheria ya maumbile; ni desturi ya walio wengi mahali fulani.

Utafiti wa Joseph Gona na wenzake katika pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta wazazi na wataalamu wakitaja pepo, uchawi na laana kuwa visababishi vya usonji, sambamba na maambukizi na matatizo ya uzazi. Ni rahisi kwa msomi kuyadharau maelezo ya pepo. Lakini yana undugu na ule mtazamo wa upungufu wa upande mmoja. Kama aliyesema ni pepo, maneno si ya mtoto. Kama ni dalili tu, hayaelekezwi kwa mtu. Yote mawili humpa msikilizaji ruhusa ya kutojibu.

7.0 Hitimisho

Hoja hii ina gharama, na gharama hiyo iwaangukie wenye uwezo wa kuilipa. Ripoti ya tathmini ieleze pia alivyouliza mtathmini na alivyosubiri. Mzazi aulizwe historia ya maneno ya mwanawe kama shahidi mwenye ujuzi, kwani ufunguo wa ile sufuria haukuwa kwa daktari. Mafunzo ya walimu na wauguzi yawafundishe kusema wazi wanachotaka, kungoja jibu, na kuchelewesha hukumu inayotokana na sauti na sura. Mtoto mwenye usonji ameshafundishwa vya kutosha namna ya kuwafuata wengine, na ataendelea kufundishwa. Wajibu wa upande wa pili ndio ambao mitaala yetu haijauandika, na hadi utakapoandikwa, kila tunaposema kwamba mtoto fulani hawasiliani tutakuwa tumetoa ushahidi wa shahidi mmoja.