Nyoka zinazofanana ku lupango: rangi peke yake haitoshi

Mvua ikianza, majani yanapanda haraka katika lupango za Ruashi. Watu wanafyeka, wanalima mahindi karibu na vichuguu, wanahamisha matofali na mifuko ya makala. Ndipo mtu anapiga kelele: «Nyoka!» Ulizo la kwanza ni lile lile: iko rangi gani?

Ulizo hilo linaweza kudanganya. Nyoka za aina moja zinaweza kuwa na rangi mbalimbali, na aina mbili tofauti zinaweza kuwa na rangi moja. Huko Marekani, watu wanafuga nyoka ya mahindi, Pantherophis guttatus, isiyo na sumu. Mayai ya mama mmoja yanaweza kutoa watoto wa rangi ya machungwa, wa kijivu na hata weupe, kufuatana na urithi wa wazazi. Mfugaji akikosea, anapoteza feza. Katika Haut-Katanga, kukosea kunaweza kuondoa maisha.

Nyoka za rangi ya majani

Nyoka nyembamba yenye madoa meusi upande wa mbele, Philothamnus semivariegatus, haina sumu. Inakula mijusi na vyura vya mitini. Boomslang, Dispholidus typus, nayo inaishi ku miti, na sumu yake inaua. Dume mara nyingi iko rangi ya majani, jike mara nyingi iko rangi ya kahawa, na mtoto iko ya kijivu. Kwa hiyo «haiko rangi ya majani» haimaanishi kama haiko boomslang. Alama nzuri zaidi ni kichwa kifupi na macho makubwa sana, hata kwa mtoto.

Hata fundi anaweza kukosea. Karl Patterson Schmidt alikuwa mtaalamu wa Marekani, na mwaka 1923 alitoa kitabu juu ya nyoka za Kongo. Mwezi wa 9 mwaka 1957, huko Chicago, walimletea nyoka ndogo kutoka Afrika ili aseme ni ya aina gani. Alama moja ya magamba ilimfanya asite. Nyoka ikamuma kidole gumba. Aliona kama kidonda ni kidogo, akarudi nyumbani, akaandika namna alivyojisikia. Kesho yake akafa. Ilikuwa boomslang changa.

Nyoka za madoa ya kahawa

Causus rhombeatus iko na sumu. Inatembea zaidi usiku ikitafuta vyura, na mara nyingi iko na alama ya V juu ya kichwa. Dasypeltis scabra inaifanana sana, lakini inakula mayai tu na haina sumu. Ikiogopa, inajikunja na kusugua magamba yake mpaka inatoa sauti ya kutisha.

Watu wengine wanasema: mboni ya jicho ikisimama kama ya paka, nyoka iko na sumu, ikiwa ya duara, haina. Hapa kanuni hiyo inageuka kinyume. Mboni ya Causus iko duara, na ile ya mla-mayai ndiyo inasimama. Tena, nani atakaribia kuangalia jicho? Kama hamujui, muiache nafasi, mutoe watoto na mbwa, musiikamate.

Kama mtu ameumwa

Musikate kidonda, musifyonze damu, musifunge kamba kwa nguvu. Jiwe nyeusi haliondoi sumu. Mutoe pete, bangili na viatu mbele ya uvimbe. Mutulize mgonjwa, mguu au mkono ule usitikisike, na mumupeleke hospitali mara moja. Musipoteze wakati kufukuza nyoka. Picha ya telefone kutoka mbali inatosha, kama inawezekana.

Kwa boomslang, mtu anaweza kujisikia muzima kwa masaa mengi, kumbe sumu inaharibu damu. Damu kutoka ku ufizi, puani au katika mkojo ni alama mbaya. Ku hospitali kuko kipimo rahisi: damu kidogo inawekwa katika chupa safi ya kioo, inaachwa dakika 20 bila kutikiswa. Ikiwa haijaganda, hatari iko. Dawa ya kawaida ya sumu za nyoka haiwezi kitu juu ya boomslang. Ile yake ni pekee, inatengenezwa Afrika ya Kusini. Ndiyo maana kumueleza munganga umbo la nyoka, mahali ilikuwa na saa iliuma kunasaidia kuliko kumuambia rangi tu.

Mwaka 2017, Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kati ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa. Ku lupango, kinga inaanza na vitu vidogo: kufyeka majani, kuvaa viatu, kutembea na taa usiku, na kutotia mkono chini ya matofali ao ndani ya shimo la kichuguu bila kuangalia.