Kinanda cha Kanisani Kilizaliwa Misri, na Hata Viatu Vyake Vina Hadithi

Wasee, tuanze na hili: kile kinanda kikubwa cha mabomba mnachokiona kwenye harusi za kifalme kule Uingereza hakikuzaliwa Ulaya, na hakikuzaliwa kanisani. Kilizaliwa Afrika. Karne ya 3 kabla ya Kristo, mjini Aleksandria, Misri, fundi mmoja anayeitwa Ktesibios, mtoto wa kinyozi, alitumia uzito wa maji kusukuma hewa bila kuyumba hadi kwenye mabomba. Mwandishi wa kale Athenaeus anasema alimfundisha mkewe, Thais, kukipiga.

Nasema haya kwa sababu hapa Hadado ukitaja kinanda jibu ni moja: warya, hayo ni mambo ya kanisa, achana nayo. Haya, leo ni ya kanisa. Lakini kwa zaidi ya miaka elfu moja kilikuwa chombo cha viwanjani na cha majumba ya wafalme. Kule Zliten, Libya, kuna picha ya vijiwe ya zama za Warumi inayoonyesha kinanda kikipigwa kando ya watu wanaopigana kwa silaha. Karne ya 9, ndugu watatu wa Banu Musa waliandika, Baghdad, jinsi ya kuunda chombo cha kupuliza kinachojipiga chenyewe kwa nguvu ya maji. Baghdad, bana! Na mwaka 1520 Wareno walishuka Massawa wakaelekea kwa mfalme Lebna Dengel wa Ethiopia, jirani zetu hawa, wakiwa na zawadi ya kinanda na mpigaji wake, Manuel de Mares. Kwa hiyo hiyo hadithi ya "si yetu" mimi siinunui.

Kinavyofanya kazi wala si uchawi. Kama umewahi kumwona mhunzi akifanya kazi na mvukuto, nusu umeshaelewa. Mvukuto (siku hizi ni feni ya umeme) unajaza hewa kwenye sanduku. Juu ya sanduku yamesimama mabomba, kila moja na noti yake. Ukibonyeza, kilango kinafunguka chini ya bomba, hewa inapanda, bomba linalia. Ukiachilia, kimya. Pembeni kuna vipini vya kuvuta, vinavyochagua ni safu gani ya mabomba ipewe hewa. Bomba likiwa refu, sauti ni nzito: mengine ya besi yanakaribia mita 5. Hewa ikipata joto, sauti nayo hupanda, so hapa kwetu saa nane mchana fundi wa kukipatanisha angelia machozi.

Sasa miguu. Besi hupigwa kwa miguu, kwenye pedali 30 au 32 za mbao, na mpigaji haangalii chini. Anahisi tu. Ndiyo maana kuna viatu maalum. Soli ni nyembamba, ya ngozi, maana raba inang'ang'ania na ngozi inateleza. Haitokezi pembeni, la sivyo utakanyaga noti mbili. Kisigino kina kama sentimita 3, ili ncha ya mguu ibonyeze noti moja na kisigino nyingine bila kuvunja kifundo. Na havivaliwi nje kamwe, kwa sababu chembe moja ya mchanga inakwaruza mbao na kuharibu mtelezo. Sisi tunaoacha ndara mlangoni mwa msikiti tunaielewa hiyo bila kufafanuliwa.

Msidhani miguu ni mapambo. Mwaka 1743 Bellermann wa Ujerumani aliandika kuhusu Johann Sebastian Bach alivyopiga mjini Kassel: miguu ilikimbia kwenye pedali kama ina mabawa, hadi mwanamfalme Friedrich akavua pete ya kito kidoleni akampa. Hiyo ni miguu tu. Bellermann mwenyewe aliuliza, mikono nayo ingelipwa nini?

Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, lina kinanda cha mabomba. Mimi ni Muislamu, na siku nikipata nafasi nitaomba niruhusiwe kukiona wakati wa mazoezi, nisimame upande wa chini, kwenye pedali.