Nguo ya Msafiri na Maji ya Ziwa

Habari za misafara iliyofika Ziwa Tanganyika katika karne ya kumi na tisa zimeandikwa kwa wingi. Tunajua kwamba Burton na Speke waliingia Ujiji mwezi wa Februari 1858, na kwamba Stanley na Livingstone walipita kwa mtumbwi kando ya mwambao wa Burundi mwezi wa Novemba 1871, wakafika Mugere, mahali palipo jiwe lenye majina yao. Lakini ni mara chache tunaposimuliwa jambo dogo linalomkabili kila msafiri asiye na mali: nguo yake aliifulia wapi, aliifua kwa kitu gani, na maji yale machafu yalimfikia nani? Tunaona kwamba swali hili lina uzito kuliko linavyodhaniwa, hasa katika mwambao huu wa Minago na Rumonge, ambako Kiswahili kilifika pamoja na biashara ya ziwani.

Tuanze na mpagazi. Ujira wake ulilipwa kwa nguo, na chakula cha njiani kilinunuliwa kwa nguo. Kulikuwa na merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho jina lake lenyewe lataja kilikotoka; na kulikuwa na kaniki, nguo ya buluu iliyokoza. Vilipimwa kwa mikono: shuka mikono minne, doti mikono minane. Basi mpagazi alivaa mwilini kitu kile kile alichokichukua begani kama fedha. Shuka mpya ilinunua mtama na samaki. Shuka iliyokwisha kufuliwa mara nyingi ilikuwa vazi tu. Kaniki ilimfaa sana mtu wa kazi, kwa kuwa rangi yake huficha vumbi na jasho, wakati ambapo merikani hutangaza uchafu tangu siku ya kwanza. (Kanzu nyeupe ni vazi la mwenye wa kumfulia.)

Lugha nayo imehifadhi historia hii. Twasema kufua nguo, na kadhalika kufua chuma na kufua nazi. Mfuaji wa nguo ni ndugu wa mhunzi, kwani wote wawili kazi yao asili yake ni kupiga. Asiye na sabuni huipiga nguo jiweni, na msafiri aghalabu hakuwa na sabuni. Neno sabuni tumelipata kwa Waarabu. Dobi, yule afuaye kwa malipo, ametujia kutoka Bara Hindi, naye ni mtu wa mjini. Msafara haukuwa na dobi. Huku Burundi na Kongo wengi husema kufula, na mwalimu asiwe mwepesi wa kulikata neno hilo kwa wino mwekundu kabla ya kuwaeleza wanafunzi linakotumika.

Hata hivyo, mwambao huu haukukosa mali ya kutengenezea sabuni. Rumonge ni nchi ya michikichi. Mafuta ya mawese yakichemshwa pamoja na maji yaliyochujwa katika majivu hutoa sabuni laini, nyeusinyeusi, inayoondoa uchafu vizuri. Magadi makali ya dukani yakitumiwa badala ya majivu, hupatikana sabuni ngumu ya kukata vipande. Sabuni ya mawese ingali ikitengenezwa huko. Nayo huhitajika kwa wingi, maana maji ya Tanganyika yana madini mengi, na povu haliji upesi kama katika maji ya mvua.

Msafiri wa leo ashukaye Minago, kati ya Bujumbura na Rumonge, akiwa na fedha kidogo na nguo mbili, hana haja ya kuuliza sana. Ziwa li wazi na halidai malipo. Atachachaga, atasuuza, ataanika, na jua likiwa kali ataanua kabla ya jioni. Ila aangalie asianike karibu na ndagala waliotandazwa mchangani, la sivyo shati litanuka hadi Kigoma. Tatizo ni kwamba maji hayo hayo huchotwa kwa kunywa na kupikia, na watu huogea papo hapo.

Kipindupindu kiliingia Burundi mwaka 1978, na tangu hapo kimekuwa kikirudi hasa katika nchi tambarare za kando ya ziwa na Mto Rusizi. Mwaka 1992 kulipuka ugonjwa Rumonge, na wataalamu walipochunguza waliona kwamba waliokuwa wakinywa maji ya ziwa na kuoga ndani yake ndio waliokuwa katika hatari zaidi. Vijidudu vyenyewe vilipatikana katika maji ya ziwa. Nguo ya mgonjwa ikifuliwa ufukweni huyatia maji sumu ile ile. Kwa hiyo kubeba maji kwa ndoo na kufulia katika karai, mbali na ukingo, si maringo ya mgeni.

Wapo pia wasafiri ambao hawakuchagua safari. Katika mauaji ya 1972 watu wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac walikimbilia Tanzania, wengine kwa mitumbwi. Mwezi wa Mei 2015, machafuko yalipozuka tena Burundi, makumi ya maelfu walisongamana Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya milima na ziwa, kisicho na barabara. Walikunywa humo, wakaoga humo, wakafua humo. Kipindupindu kilizuka, na watu wapatao 30 wakafa katika muda wa wiki chache. Meli ya Liemba, ile iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915 na Wajerumani, ilikuwa ikisimama mbali na ufuko na wakimbizi wakipelekwa kwa mashua ndogo, ili iwachukue hadi Kigoma.

Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura viitwavyo Sphere vimekuwa vikitaja sabuni ya kila mtu kwa mwezi mmoja katika mafungu mawili: gramu 250 za kuogea, na gramu 200 za kufulia nguo.